Kozi ya fashia kwa wataalamu wa afya: meza ya nyama naipa tano, mengine tuongee

Wadau wa fizio (tiba ya viungo) na wengine wote mnaoshika miili ya watu kwa kazi, mmeniuliza sana kwenye magrupu hii kozi ya fashia ikoje, inafaa kulipia au ni zilezile za kupiga picha na cheti halafu Jumatatu unarudi kazini unafanya ulichokuwa unafanya. Nimeona niandike mara moja niwe naituma tu. Waandaaji siwataji jina, nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema, na hata hivyo ninayosema yanagusa karibu kozi zote za aina hii zinazopita hapa mjini, maana siku hizi kila mwezi kuna tangazo la "tiba ya fashia" lenye picha ya mtu mgongo wazi na mwalimu kamkandamiza kiwiko.

Ilikuwa hapa Dar, ukumbi wa hoteli upande wa Mikocheni, ada laki nne na nusu, chai na lanchi ndani. Mwalimu mkuu katoka Ulaya, anafundisha kwa Kiingereza, na wasaidizi wake wawili ni Watanzania, mmoja dada fizio ambaye nikisema ukweli ndo aliyeibeba kozi. Washiriki mchanganyiko: fizio ndo wengi, manesi, kaka mmoja wa tiba kazi, dokta wa mifupa aliyekaa nyuma kimya akichati mpaka alipochokozwa, makocha wa jimu, dada wawili wa spa za Masaki, na ustadhi mmoja wa hijama, yaani kuumika, kutoka Unguja. Huyo ustadhi nitamrudia.

Kwa asiyeijua kabisa, fashia ni ule utando mweupe unaouona buchani, unaofunika msuli, unaogawa msuli na msuli, halafu unaendelea kwenda kushikana na kano na mfupa. Ni kolajeni kwa wingi, yaani nyuzi ngumu za protini, maji, na seli zinazoitengeneza na kuitunza. Chuoni wengi wetu tuliukuta umeshakwanguliwa ili tuone msuli vizuri, picha za vitabuni misuli ni myekundu safi kabisa utadhani kila mmoja unakaa kwake na umefunga mlango. Kwa hiyo wazo la kozi, kwamba tumefundishwa mwili kwa kutupa kitu kinachouunganisha, ni wazo zuri na ni kweli.

Lakini asubuhi yote ya kwanza ikaishia kwenye slaidi za historia. Tukaelezwa habari za Ida Rolf, Mmarekani aliyechukua udaktari wa falsafa wa biokemia Columbia mwaka 1920 na baadaye akaanzisha aina yake ya tiba ya mikono, tukaelezwa kongamano la kwanza la utafiti wa fashia lililofanyika Boston mwaka 2007 pale Harvard Medical School, halafu Amsterdam 2009, Vancouver 2012, na kuendelea. Tukaonyeshwa Robert Schleip, mtafiti wa fashia wa Ujerumani, tukaonyeshwa familia ya Stecco ya Italia, baba Luigi ni fizio na binti yake Carla ni daktari wa mifupa na profesa wa anatomia pale Padova. Sikatai ni watu muhimu, huyo Carla Stecco kafanya kazi kubwa sana ya kupasua maiti na kuziangalia tabaka moja moja, ila asubuhi nzima? Projekta inakatika, jenereta inawaka, kahawa imepoa. Ningekuwa mimi ningeikata ikawa nusu saa.

Baada ya lanchi ndo kozi ilipoanza. Nje ya ukumbi, kwenye veranda ya nyuma, wakapanga meza zimetandikwa nailoni, na juu yake mguu wa nyuma wa mbuzi na ngozi yake, kipande cha ubavu wa ng'ombe nacho na ngozi, na shingo ya ng'ombe. Vyote vimetoka machinjio ya Vingunguti alfajiri ileile. Dada msaidizi akatugawia glavu na visu vidogo vya upasuaji na akatoa sheria moja: kata ngozi tu, kuanzia hapo tenganisha kwa kidole, kidole kikikwama ndo uniite.

Aisee. Mimi nimepitia maiti za chuo, lakini maiti ya formalini, ile dawa ya kuihifadhi isioze, ni kitu kingine, tabaka zimekauka na kugandana, unachokiona ni kama ubao. Hapa nyama bado mbichi, unaingiza kidole chini ya ngozi kinapita, kuna utando laini wenye vijimafuta, una nyuzi nyembamba zinazovutika kama buibui kaweka nyumba, na ukishuka chini zaidi unakutana na utando mgumu unaong'aa, huo ndo fashia ya kina, ya paja ni ngumu kiasi kwamba kaka mmoja wa jimu aliivuta kwa mikono miwili haikusogea. Kati ya huo utando mgumu na msuli kuna utelezi. Ukisukuma kwa kidole gumba, utando unateleza juu ya msuli bila shida kabisa.

Halafu dada akafanya kitu kidogo ambacho nadhani hakuna atakayekisahau. Akafunua eneo moja akaliacha wazi chini ya feni, tukaendelea na mengine. Tuliporudi pale palikuwa pamekauka, utando umeshika msuli, ukisukuma unakwenda nao mzima mzima. Akamwagia maji ya chumvi kidogo, akasubiri, akasugua polepole, utelezi ukarudi. Hapo ndipo akaeleza haialuronani, ile sukari ndefu inayokaa katikati ya tabaka na kushika maji, kwamba ikiwa nyingi na nzito kupita kiasi tabaka hazitelezi vizuri, na kwamba kina Stecco wanaamini sehemu ya ukakamavu tunaoukuta kwa wagonjwa inatoka hapo. Na akasema wazi, jambo ambalo mwalimu mkuu hakulisema hata mara moja, kwamba mbuzi aliyekauka chini ya feni si ushahidi wa kinachotokea kwenye kiuno cha mama wa Mbagala, ni njia ya kutuonyesha tabaka zipo na zinateleza, basi. Nikampenda hapo hapo.

Kwenye ubavu wa ng'ombe akatuonyesha msuli mpana mwembamba uliokaa chini ya ngozi, ule ng'ombe anaoutumia kutikisa ngozi nzi akitua. Sisi binadamu mwilini hatuna kama huo, kilichobaki ni kile cha shingoni, platisma, na vile vya usoni. Bila kuambiwa hivyo watu wangeondoka wakidhani na sisi tuna msuli pale. Na kwenye shingo kuna ile kamba nene ya njano, wapika supu wanaijua maana haiivi. Akakata kipande, akatupa tuvute: inavutika na kurudi. Akatupa kano nyeupe ya mguu tuvute: haiendi popote. Ya njano imejaa elastini, protini inayovutika, ndo inayomshikia ng'ombe kichwa anapokula majani chini mchana kutwa bila shingo kuchoka, nyeupe ni kolajeni. Na sisi tunazo ligamenti za njano, ziko katikati ya pingili za uti wa mgongo kwa nyuma. Niliisoma hiyo nikiwa mwaka wa kwanza ikaingia ikatoka, sasa hivi haitoki.

Kitu kingine cha pale mezani, na hiki ndo kinabadilisha kazi. Alituonyesha msuli haumalizikii kwenye mfupa peke yake. Mtu mmoja anashika utando upande wa gotini, mwingine anavuta msuli upande wa juu, na yule wa gotini anahisi mvuto unamfikia. Kwa binadamu mfano mkubwa ni msuli wa tako, ule mkubwa kabisa, sehemu yake kubwa haijishikizi kwenye mfupa wa paja, inaingia kwenye ule mkanda wa fashia wa pembeni ya paja unaoshuka mpaka chini ya goti. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika maumivu ya pembeni ya goti na wewe unakaa unaliminya goti tu, unamuonea. Angalia nyonga.

Siku iliyofuata tukawa na ultrasaundi, mashine ndogo ya mkononi inayounganishwa na simu. Wakamlaza kaka wa tiba kazi kifudifudi, kwenye skrini tunaona tabaka za kiuno, na mtu akiinua kitanda kwa upande wa miguu tunaona tabaka zinavyopishana. Hapa wakataja utafiti wa Helene Langevin na wenzake wa mwaka 2011, waliwapima watu 121, wenye maumivu sugu ya kiuno na wasio nayo, wakakuta kwa wenye maumivu kupishana kwa tabaka za fashia ya kiuno kumepungua kwa karibu asilimia 20 kuliko kwa wasio nayo. Ni utafiti mzuri. Lakini mwalimu mkuu akaruka moja kwa moja kusema "kwa hiyo fashia iliyokwama ndo inaleta maumivu". Hapana bwana. Mtu mwenye maumivu ya kiuno kwa miaka hasogei kama wewe, anakaa kwa kujilinda, na asiposogea tabaka nazo zinaweza kupoteza kupishana. Kipi kilitangulia utafiti ule hausemi. Dada mmoja nesi aliuliza hilo hilo na akajibiwa "tutaliona kwenye levo ya pili", yaani kozi inayofuata hii.

Levo ya pili. Tuliisikia hiyo mpaka ikawa utani, mtu akiuliza choo kiko wapi wenzake wanamwambia kiko levo ya pili.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mikono ya mwalimu ni mizuri, sijui nisemeje, anajua kushika, anakwenda polepole, anasubiri, na watu aliowashika waliinuka wakageuza shingo zaidi ya mwanzo, hilo tumeliona kwa macho. Tatizo ni maelezo. Kila akishika anasema "nayeyusha", "nafungua", "navunja iliyogandana". Nikanyoosha mkono nikamuuliza kuhusu ule utafiti wa hesabu wa Chaudhry na wenzake, mwaka 2008, ambao Schleip mwenyewe ni mmoja wa walioandika. Walipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kuibana fashia ya paja kwa asilimia 1 tu na kuisogeza asilimia 1, wakapata zaidi ya kilo 900 za kukandamiza na kama kilo 460 za kusukuma kwa pembeni. Asilimia moja! Fashia ya unyayo nayo hivyo hivyo, nje ya uwezo wa mkono wa binadamu. Iliyoonekana inaweza kubadilika ni laini laini kama ile ya pua. Sasa nani hapa ana kiwiko cha kilo 900?

Akacheka, akasema ni swali zuri, akasema hesabu ni hesabu na mwili hai ni mwili hai. Ndo jibu. Na inaniuma kwa sababu jibu zuri lipo na analijua. Fashia imejaa neva. Ukishika polepole na kwa kuvuta pembeni unaongea na zile neva, mfumo wa fahamu unashusha ulinzi, msuli unalegea, mtu anavumilia kunyooshwa zaidi, na pengine ule utelezi wa katikati ya tabaka unabadilika kidogo kwa joto na kusogezwa. Schleip aliandika maelezo ya upande wa neva tangu 2003. Kwa hiyo faida ipo, mara nyingi ya muda mfupi, na inatosha kumfungulia mgonjwa mlango wa kufanya mazoezi. Shida ya "nimekuyeyushia" ni kwamba mgonjwa anaenda nyumbani akiamini ndani yake kuna kitu kimegandana na ni wewe tu unayeweza kukigandua, wiki ijayo anarudi, wiki ijayo anarudi tena, mazoezi hafanyi. Kibiashara safi. Kitabibu umemfunga kamba.

Mabango ya mistari ya misuli, inayosemwa kuunganishwa na fashia, nayo pia, ile michoro ya rangi rangi inayoonyesha mstari umeanzia nyusini umepita utosini, mgongoni, mpaka nyayoni. Yanavutia na wagonjwa wanayapenda. Ila Jan Wilke na wenzake walipitia tafiti za anatomia mwaka 2016, wakaiangalia mistari sita, mitatu ikawa na ushahidi mzuri, ukiwemo huo wa nyuma, miwili ikathibitika vipande vipande, na ule wa mbele haukupata ushahidi. Kwenye kozi yote ilifundishwa kwa uzito mmoja, na wa mbele ukapewa karibu mchana mzima.

Ngoja nisifie tena maana naona nimekuwa mkali. Kipindi cha maumivu ya kisigino kilikuwa bora kabisa baada ya meza ya nyama. Nyie mnaofanya kazi hospitali za wilaya mnajua foleni ya visigino ilivyo, mama ntilie, walimu, walinzi, matrafiki, watu wanaosimama kutwa na ndala nyembamba, asubuhi hatua ya kwanza ni machozi. Dada msaidizi alitufundisha zoezi la Rathleff, utafiti wa Denmark uliochapishwa 2014. Unasimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo umeikunja umeiweka chini ya vidole ili vidole vinyanyuke, maana vidole vikinyanyuka fashia ya unyayo inakazwa, kisha unapanda kwa sekunde 3, unasimama juu sekunde 2, unashuka sekunde 3. Seti 3 za mara 12, siku moja ndiyo siku moja hapana. Baada ya wiki mbili unaongeza uzito, begi mgongoni lenye vitabu, unapunguza idadi mpaka 10 na seti zinakuwa 4, baada ya wiki nyingine mbili mara 8 na seti 5. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliokuwa wananyoosha unyayo tu, ingawa kufikia mwaka makundi yote yalikuwa yamelingana. Haihitaji mashine, haihitaji kiwiko, taulo na ngazi. Kwenye mtaa usio na ngazi tulikubaliana tofali linatosha ila lisicheze.

Mimi nimeanza kulitumia. Mmoja wa wagonjwa wangu, mama wa genge, aliliangalia zoezi akaniambia, "Mwanangu, nimekuja kukandwa, wewe unanipandisha ngazi?" Nikamwambia mama tutakanda kidogo na utapanda ngazi. Anaendelea nalo, begi lake ni kiroba cha mchele.

Ustadhi sasa. Watu walimchukulia kama kaja kushangaa, lakini maswali yake yalikuwa ya mtu mwenye uzoefu. Akasema, "Mwalimu, nyie mnakandamiza kwenda chini, mimi naumika, navuta kwenda juu. Kama tabaka zinatakiwa kuachana, nani kati yetu anaziachanisha?" Ukumbi kimya. Mwalimu akalipenda hilo swali, na kwa haki yake akakiri kwamba kwenye ultrasaundi mvuto wa kikombe unaonekana unanyanyua tabaka za juu kuliko kiwiko, na tukajaribu kikombe kikavu kwenye kigimbi cha mshiriki mmoja, tukaona. Ila ikaishia hapo. Nilitegemea wangeendelea kidogo, waseme tafiti za kuumika nyingi ni ndogo na ubora wake si mkubwa, waseme kuna nani hafai kuumikwa kwa kuchanjwa, mtu wa selimundu, mwenye upungufu wa damu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Pwani yote hii kuanzia Lamu mpaka Mtwara, na ndugu zetu wa Oman, watu wanaumikwa kila wiki, ilikuwa nafasi ya dhahabu ya kufundishana.

Na hapo niseme kuhusu usalama kwa ujumla, ni dhaifu. Vile vyuma vya kukwangulia vilitolewa, tukaambiwa tukwangue mpaka ngozi iwe nyekundu, dada mmoja wa spa akaondoka na alama za zambarau mgongoni na anaambiwa "ni sumu inatoka". Ni vimishipa vya damu vimepasuka, sumu gani. Daftari la kozi lina ukurasa mmoja wa watu wasiofaa kukwanguliwa na hausomwi kwa sauti. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia mguuni ukimkwangua atakuambia haumi, sasa wewe utajuaje umefika wapi? Mguu mmoja uliovimba ghafla una joto na unauma kigimbi, hapo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, mkono wako ukae mbali kabisa, dokta kwanza. Halafu hivyo vyuma na marola ya sponji vilikuwa vinauzwa wakati wa lanchi, kwa bei ambayo ukienda Kariakoo unapata viwili na chenji ya nauli.

Lakini dosari yangu kubwa ni hii, na kama waandaaji watasoma naomba waisome hii hata kama mengine wataruka. Fashia ina ugonjwa mmoja unaokata watu miguu, kwa Kiingereza compartment syndrome, na ulipata slaidi moja. Moja! Mguu chini ya goti umegawanywa vyumba vinne na fashia ile ngumu ambayo tuliivuta kwa mikono miwili ikakataa. Mtu akivunjika mfupa wa ugoko, kama madereva wa bodaboda na abiria wao wanavyovunjika kila siku, damu na uvimbe vinajaa ndani ya chumba ambacho ukuta wake hautanuki. Presha inapanda, mishipa midogo ya damu inabanwa, msuli na neva zinakosa hewa na ndani ya saa chache vinaanza kufa. Dawa yake ni daktari wa upasuaji kuipasua hiyo fashia kwa urefu, vyumba vyote, haraka.

Ndipo yule dokta wa mifupa aliyekuwa anachati akaweka simu chini. Akaomba dakika kumi, akachukua karibu saa, na hakuna aliyelalamika. Akasema maumivu yanakuwa makali kuliko jeraha lenyewe na dawa haziyashushi, na ukimnyoosha kidole gumba cha mguu taratibu anapiga yowe, hapo usisubiri kitu kingine. Mapigo ya mguuni yanaweza kuwepo vizuri tu, kwa hiyo mapigo yasikudanganye. Mguu kupooza na kuwa baridi ni dalili za kuchelewa. Wakipima, presha ya chumba ikikaribia ile ya chini ya damu ikabaki tofauti isiyofika 30, wanaingia chumba cha upasuaji. Plasta au bandeji ikiwa imebana fungua yote mpaka kwenye ngozi, mguu uweke usawa wa moyo, usiunyanyue juu sana. Akaeleza na wale wanaounga mifupa kienyeji, wanafunga banzi kwa nguvu na kukanda kila siku, anayeteseka anaambiwa vumilia mfupa unashika, akifika hospitali vidole vyeusi. Na sisi fizio je? Tunapelekewa mgonjwa wa siku ya pili, "mguu umekaza, msaidie mazoezi", na tumetoka kwenye kozi inayotufundisha kwamba kilichokaza kinakandwa.

Hilo ndo somo la fashia ambalo nchi hii inalihitaji na lilitolewa na mshiriki aliyelipa laki nne na nusu kama sisi. Wangemrudishia hela yake.

Jumla ukiniuliza uende au usiende: kama ni fizio, nesi wa wodi ya mifupa, au mwalimu wa chuo, nenda levo ya kwanza, kwa ajili ya meza ya nyama, ultrasaundi na kisigino, thamani yake inafika. Makocha wa jimu mtafurahia ila mtatoka na maneno mengi kuliko ujuzi. Dada zangu wa spa, ulizeni kwanza kama kuna kipindi cha usalama, na msikubali kukwanguliwa na mtu aliyejifunza dakika tano zilizopita. Levo ya pili mimi siendi, niliona ratiba yake na ni mistari na vyuma tena, ada imeongezeka. Pointi za kujiendeleza kitaaluma waliahidi, barua ya baraza la taaluma hatukuonyeshwa, kwa hiyo ombeni muione kabla ya kutuma hela na si baada. Chakula kilikuwa kizuri, pilau ya siku ya pili hasa, ingawa baada ya kushinda na shingo ya ng'ombe nusu ya watu walikula wali na maharage.

Vaa kaptura ndani, beba taulo lako, na nguo ya kubadilisha kwa ajili ya veranda maana ile harufu inakaa. Wanasema awamu ijayo ni Mwanza. Kabla hujalipa wapigie uulize swali moja tu, meza ya nyama ipo au haipo, kwa sababu tuliambiwa ukumbi ukikosa sehemu ya nje yenye maji wanaiondoa wanaweka video, na ada inabaki ileile. Na uulize yule dada msaidizi atakuwepo.